Liwa Aliyoileta Miraj

Nawaandikia kina mama wenye mabinti wa kuozwa, hasa wale ambao mabinti wao wana chunusi. Chunusi haijaua mtu. Dawa ya chunusi yaweza kumpofua. Nimeyaona haya nyumbani kwangu hapa Voi, mwaka ule mvua zilipokata reli, na macho yaliyokuwa hatarini yalikuwa ya Umi wangu. Elimu yangu mimi ni ya chuoni, ya kusoma Kurani, na juu yake miaka michache kwa bibi mmoja wa misheni aliyetufundisha herufi za Kizungu. Nikikosea mahali, lirukeni kosa mshike maneno.

Umi ndiye mtoto wangu wa pekee aliyesimama. Wenzake Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, kwa hiyo msishangae nikiwaambia nilimpenda hata kucha zake. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kicheko ambacho baba yake, Badawy, akikisikia kutoka dukani alijua chakula kimeiva, kwa sababu binti huyu alikuwa hacheki na njaa. Duka letu liko mbele, linatazama njia ya stesheni, na sisi tunakaa nyuma yake.

Alipovunja ungo, chunusi zikamjia. Nikamwambia zitakwenda zake kama zilivyonijia mimi zikaenda. Lakini Umi na subira ni watu wasiosalimiana. Zilizoiva alizitumbua kwa kucha, na zile ngumu alizitoboa kwa mwiba wa mgunga. Zilipokauka ziliacha vishimo na madoa meusi. Mwaujua udongo wetu mwekundu ulivyo baada ya yale matone makubwa ya kwanza, kabla mvua haijamwaga. Mashavu yake yakawa hivyo. Mimi udongo ule naupenda. Yeye akaanza kuvuta leso usoni hata tukiwa wawili jikoni.

Mambo yakawa mazito posa ilipoletwa. Mchumba alikuwa Mahmud, kijana anayekaa Taveta, watu wake watu wa Mvita kama sisi, na kazi yake kununua ngozi za ng'ombe na mbuzi na kuzipeleka Mombasa kwa treni. Alimwona Umi mara ya mwisho wakiwa watoto, uso ukiwa laini kama yai. Baba yake alifurahi, mimi nilifurahi, Umi naye alikubali kwa kunyamaza kama inavyotakiwa. Kisha siku moja tukichagua mchele akaniambia, bila kuinua kichwa, "Mama, mtu huyu kazi yake ni kukagua ngozi. Akiona tundu moja tu hushusha bei. Mimi atanirudisha na kapu."

Nilicheka, naye akacheka, kisha chozi likadondoka ndani ya ungo wa mchele. Hapo nikajua jambo hili si la kuchekwa.

Basi nikaanza kutafuta dawa, nami ni mwoga, siwafichi. Mwenzangu akisikia dawa huuliza inaponya nini. Mimi huuliza imemfanya nini aliyeitumia jana.

Ya kwanza kuletwa ilikuwa mafuta ya ganda la korosho. Wanawake wa pwani wanayajua. Ukiyapaka yanaunguza ngozi ya juu, inabambuka kama ya kitunguu, na chini yake inatoka mpya. Binti wa jirani mmoja wa upande wa stesheni aliyatumia, na kweli ngozi mpya ilitoka, nyororo, ya kupendeza. Kisha jua la Voi likaipiga, nayo haijakomaa. Ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria, mpaka leo. Nilikwenda nikamtazama kwa macho yangu, nikamshukuru, nikarudi nyumbani nikasema hapana.

Ya pili ilikuwa marhamu nyeupe ya kopo, aliyoipitisha mchuuzi mmoja wa safari. Hii Umi aliipenda sana kwa sababu kopo lilikuwa na picha ya mwanamke mwenye uso kama maziwa. Nikamtuma baba yake aende akamuulize dresa wa serikali, yule msaidizi wa daktari. Dresa akamwambia ndani yake mna zebaki, ile ile inayotiwa nyuma ya kioo, na kwamba alishawaona wanawake waliong'aa nayo miezi michache, kisha wakatokwa damu kwenye fizi na mikono ikawa inatetemeka. Nilipomwambia Umi alisema, "Basi si vizuri, mama? Nitakuwa ninajitazama usoni mwangu mwenyewe." Mtoto yule hata akihuzunika hana adabu. Kopo nikalirudisha.

Ikabaki liwa. Na liwa, mama wenzangu, nani aliyeiogopa? Ni kijiti cha mti wa harufu kinachotoka ng'ambo. Unakisugua juu ya jiwe la msio kwa maji ya mawaridi, inatoka singo laini, unampaka mwali mwili mzima na uso. Bibi zetu walisingwa kwa liwa, na mama zetu, na sisi. Haiondoi makovu kwa siku moja, bali hutuliza ngozi, na chunusi zinanywea. Hiyo nikaikubali kwa moyo mweupe.

Kumsinga mwali ni kazi ya somo, yule mama anayemfunda, na somo wa Umi alikuwa Bi Mwanamvita, aliyepanda treni kutoka Mombasa na msio wake ndani ya kikapu kama mtu aliyebeba mtoto. Ni mama mzima, mnene, mwenye ulimi, na amewasinga mabi arusi wengi hata majina yao hayakumbuki. Kwa desturi yetu mwali akishatiwa ndani, somo ndiye mwenye amri. Mama mzazi hana neno. Haingii chumbani mwali akisingwa, ni aibu. Analeta maji mlangoni, anapokea vyombo mlangoni, anakaa uani kama mgeni katika nyumba yake. Nilikubali. Nilikuwa nikisikia kicheko cha Umi kupitia ukutani, najiambia mtoto yuko katika mikono ya watu.

Kisha mvua zikaja. Haikuwa mvua, yalikuwa maji yaliyomwagwa. Mto wa Voi ulijaa, na huko chini upande wa Mombasa reli ikakatika, tukawa hatuna treni wala barua. Arusi haikuhitaji treni, maana watu wa Mahmud walikuwa wakija kwa upande wa Taveta na njia ile ilikuwa salama. Lakini liwa ya Bi Mwanamvita ilikuwa imesuguliwa mpaka kijiti kikabaki kama kidole cha mtoto, na siku ya kusinga uso kwa mwisho, ile singo nzito inayolazwa usoni mchana kutwa, ilikuwa bado.

Hapo ndipo shemeji yangu Miraj alipojitolea. Miraj ni mdogo wake Badawy, mtu mzuri kabisa, mpenda watu na mpenda kukaa. Ana punda anaowapeleka na bidhaa mpaka Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Akasema watu wa Rukanga wamemwambia mara nyingi kwamba juu ya mlima ule kuna mti wa sandali, unaonukia kama liwa yenyewe, na yeye atamletea mtoto wa kaka yake kijiti kipya kitakachoshinda vya ng'ambo. Umi aliposikia alipiga kigelegele kutoka chumbani, na Bi Mwanamvita akamkaripia kwamba mwali hapigi kigelegele cha arusi yake mwenyewe.

Miraj akaenda, akarudi amelowa mpaka kiunoni, na kijiti amekifunga ndani ya kilemba kisipate matope. Alikiweka mkononi mwangu kama mtu anayetoa mahari. Harufu yake ilikuwa nzuri. Nasema kweli, ilikuwa tamu kuliko liwa, imejaa ua mzima. Nikamuuliza mlima ulikuwaje na utelezi ule. Akasema mlima ni mrefu. Nikauliza alipanda mpaka wapi. Akasema Mungu ni mwema, hakuhitaji kupanda, kwa sababu njiani, ukingoni mwa mto, alisikia harufu ile ile, akautafuta mti, akaukata.

"Ndio huo huo mti walioutaja watu wa Rukanga?" nikauliza.

"Shemeji," akasema, "pua ni pua. Harufu ni hiyo."

Niligeuza kile kijiti, nikaona pale kilipokatwa pana unyevu, na ute mweupe umeganda kama tui. Liwa ninayoijua huja kavu kama mfupa. Nikampelekea Bi Mwanamvita mlangoni, nikamwonyesha ule ute. Yeye akakinusa, akafumba macho kwa raha, akasema kibichi ndicho chenye nguvu, na kwamba sisi watu wa bara tumezoea vitu vikuukuu. Akaanza kukisugua pale pale. Singo ikatoka nyeupe, laini, ya kutamanisha.

Sasa, mimi nina desturi yangu, na ndiyo niliyokusudia kuwaambia. Kitu cha kumpaka mtoto wangu hukijaribu kwanza katika mwili wangu, nikakiacha mpaka kesho yake. Hata yale mafuta ya mbarika aliyonipa jirani yangu Lois, mama wa Kidawida ambaye kwao ni Marungu na mbuzi wake wanalala nyuma ya ukuta wetu, niliyajaribu, Lois akanicheka mpaka akakaa chini. Basi nikachovya vidole katika singo ile, nikajipaka mstari juu ya mkono, kati ya kiganja na kiwiko. Umi alikuwa akichungulia nyuma ya somo yake. Akasema mkono wangu hauna maana, umezoea moshi na sabuni, utajuaje uso utasemaje. Nikaona ana haki. Nikajipaka tena chini ya taya.

Wanawake waliokuwa uani wakikuna nazi wakaniona. Ilikuwa ni kicheko cha siku nzima. Mmoja akauliza kama Badawy ana habari kwamba mkewe anaolewa. Mwingine akasema labda bwana arusi ameleta posa mbili. Nikawaacha. Mwenye mtoto mmoja hana uso wa kuona haya.

Nikamwambia Bi Mwanamvita, kwa heshima, kwamba tungoje kuche. Kama ngozi yangu iko salama, ampake. Akakataa. Akasema singo ikilala inachacha, kesho kutwa ndiyo arusi, na kwamba amesinga mabi arusi tangu mimi sijajua kufunga leso. Akanikumbusha kwamba nimesimama mahali pasipo pangu. Kweli nilikuwa nimeshavuka kizingiti.

Kisha Umi akasema. Hakusema kwa sauti kubwa. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, nywele zimesukwa, uso wake wote umegeukia lile bakuli. "Mama, wewe hutaki niwe mzuri. Unataka nibaki na uso huu nikae na wewe."

Mtoto anaweza kukuchoma bila moto. Nilitaka kumjibu mengi, kwamba kwangu mimi ni mzuri hata akiwa na homa, kwamba kila shimo la shavu lake nalijua mahali lilipo kama ninavyojua mashimo ya njia ya kisimani. Maneno hayakuja. Kilichokuja ni miguu. Nilikwenda mpaka katikati ya chumba, nikalichukua lile bakuli la singo, nikalishika mapajani, na kwa kuwa kijiti kilikuwa bado kimelazwa juu ya msio na ningeweza kunyang'anywa bakuli, au singo nyingine ikasagwa, nikakaa juu ya msio wenyewe. Nikakaa na mwili wangu wote.

Bi Mwanamvita alinitazama. Nadhani katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kukalia msio wake.

"Mwanarusi," akaniita kwa jina langu, taratibu, "inuka. Hilo jiwe lilikuwa la mama yangu."

"Nisamehe, Bi Mwanamvita. Kesho asubuhi nitaliosha kwa maji ya mawaridi. Leo siinuki."

Akaita wanawake. Wakaja mlangoni, wakanitazama, na kumwinua mama bi arusi kwa nguvu hakuna aliyetaka kuanza. Wakarudi kwenye nazi zao wakicheka. Umi akageukia ukuta. Bi Mwanamvita akatoa tambuu yake akatafuna kwa hasira. Tukakaa hivyo, watu watatu katika chumba kimoja hatusemezani, na mimi jiwe lile linanikwaruza kila nikipumua. Jiwe la msio ni la matumbawe, halikutengenezwa kwa kukaliwa.

Mpaka alasiri hakukuwa na kitu. Bi Mwanamvita akautazama mkono wangu akaguna. Nami nikaanza kuingiwa na haya. Nikajisemea labda kweli ni woga wangu tu, labda namharibia mtoto arusi yake. Chumba kilikuwa na joto, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mwali. Nikajifuta jasho usoni kwa mkono, kwa mkono ule ule.

Jua lilipokuwa linashuka ikaanza. Kwanza ilikuwa kama pilipili iliyopita karibu. Kisha chini ya taya pakawa panachoma. Nilipopatazama mkononi pale penye ule mstari niliona malengelenge yameinuka, yamejipanga, yamejaa maji. Kisha jicho. Lile la kulia lilianza kutoa machozi lenyewe, likawa kama mtu amelitia mchanga wa moto, na kabla adhana ya magharibi haijamalizika lilikuwa limefumba, nami nalishika kwa mikono miwili na bakuli limeanguka.

"Usiguse hiyo singo," nikasema. Hilo tu ndilo nililokumbuka kusema. Nilirudia mpaka nikasikia Bi Mwanamvita anasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kwamba hata vidole vyake vinamwaka.

Na Umi, mwali aliyetiwa ndani, asiyetakiwa kuonekana hata na kivuli cha mwanamume, akatoka. Alitoka kichwa wazi akapita uani mbele ya baba yake mdogo Miraj na wapagazi wake, akapanda juu ya kinu, akaita juu ya ukuta, "Mama Lois, mama anapofuka."

Lois akaja na kibuyu cha maziwa ya mbuzi yaliyokamuliwa jioni ile. Walinilaza juu ya mkeka wa mwali. Wakanimiminia maji kwanza, mengi, ya kuoga mtu, kisha maziwa ndani ya jicho, kisha maji tena. Lois akauliza nimepakwa nini. Wakampa kile kijiti kwa kitambaa. Hakukinusa mara mbili. Akasema, "Mama Umi, huu kwetu Marungu hatuupikii hata uji. Moshi wake tu unaumiza macho ya mbuzi." Akakifunga, akamwambia Miraj akifukie mbali, naye akanawe mikono kabla hajajigusa uso.

Maskini Miraj. Alisimama nje ya mlango mpaka akachoka, akakaa, akaanza kulia kama mtoto. Alikuwa akisema pua imemdanganya. Nikamwambia kutoka ndani kwamba pua yake haina kosa, magoti yake ndiyo yangepanda mlima. Hapo watu wakacheka, na mimi nikacheka, na kucheka kule kuliniuma taya vibaya sana.

Asubuhi dresa alikuja, akalifungua jicho, mimi namshika Badawy mkono. Akasema limechomwa juu juu, litarudi, na kwamba limeokolewa na maji yaliyomiminwa upesi. Akaongeza kwamba kama ningepakwa uso mzima na kuachwa mchana kutwa, macho yote mawili yangekuwa yamekwenda. Alisema hivyo kisha akafunga mkoba wake. Bi Mwanamvita alitazama mikono yake, iliyofungwa vitambaa kati ya vidole, akasema, "Ningemlaza macho yamefumbwa. Nisingejua mpaka jioni." Akakaa chini karibu yangu, akanishika mguu. Tangu siku ile yeye na mimi ni ndugu.

Umi aliachiwa kazi ya kunitonea jicho kwa maji safi na kitambaa, ingawa somo yake alisema mwali hafanyi kazi. Tulipobaki wawili akaniambia, "Mama, ungeniacha tu nipake. Ningekuwa nimeyataka mwenyewe."

Nikamwambia, "Ningekuacha, leo nani angenitonea maji?"

Akainama akalia kifuani kwangu, machozi yanadondoka karibu na donda, nami nikamwambia alie upande wa pili, huku panawasha. Akacheka. Badawy akaita kutoka dukani kuuliza kama chakula kimeiva.

Wakataka kuahirisha arusi mpaka treni ije na liwa ya Mombasa. Umi ndiye aliyekataa. Akamwambia somo yake ampake mafuta ya nazi basi, mafuta aliyoyapika mama yake, na uso auache ulivyo. Bi Mwanamvita akauliza watu watasemaje bi arusi akitoka na madoa. Umi akasema, "Waseme anayo macho."

Akaolewa hivyo. Mimi nilikaa pembeni, nusu ya uso wangu imefungwa kitambaa cheupe, watoto wananichungulia. Alipofunuliwa mbele ya wanawake, shangazi yake Mahmud, aliyetoka Taveta na miwani yake, alimshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, huku na huku, kama mtu anayechagua papai. Akasema polepole, lakini wote tulisikia, kwamba mtoto ana madoa huyu.

Bi arusi huinamisha macho na kunyamaza. Umi aliyainua. "Naam, shangazi," akasema, "na macho mawili mazima ninayokuona nayo." Kisha Bi Mwanamvita akapiga kigelegele, mkono umefungwa vitambaa, na wote wakafuata, na yule shangazi mwenyewe mwisho akacheka, akamvisha kikuku alichokuwa amekificha.

Ya Mahmud niliyajua baadaye, Umi alipokuja kunitembelea. Alimweleza mumewe yote, mpaka ule mzaha wake wa ngozi na tundu. Mahmud akamwambia hajui kazi. Akasema ngozi yenye alama za kupe au mwiba haimnyimi usingizi, ni ya mnyama aliyeishi, na ikitengenezwa alama hazionekani. Anachokitafuta akikagua ni mkato wa kisu cha mchunaji mwenye haraka. Huo ndio unaoharibu, na huo hauponi. Umi alinisimulia hayo huku anapepeta mchele, leso iko begani, uso wazi. Chunusi zilikuwa zimepungua zenyewe. Vishimo vipo. Mvua ya kwanza imepita, ndivyo ninavyoviona mimi.

Basi, mama wenzangu, nimemaliza niliyotaka. Sisemi msiwapake watoto. Kijana anaona uso wake ndio dunia yake, nawe ukimwambia si kitu, atatafuta dawa nyuma yako. Kaeni naye mtafute pamoja. Inayoahidi kuondoa kila kitu upesi iogopeni zaidi. Iliyo salama tangu bibi zetu nayo iulizeni ni ile ile kweli, au ina harufu yake tu. Na mjaribu kwanza mahali padogo, mlale nayo, wacheni watu wacheke. Macho yasifikiwe kamwe.

Mimi nina alama chini ya taya, nyeusi, ndefu kama kidole. Mjukuu wangu huishika nikimpakata. Majuzi alitoka vipele vya joto shingoni, na Umi akasaga liwa, ile ya ng'ambo, kavu kama mfupa, Bi Mwanamvita aliituma mwenyewe. Nilikuwa uani nikimtazama. Aliichovya kwa kidole, akajipaka mstari juu ya mkono wake, akaketi nao tangu asubuhi. Mke wa jirani mmoja akapita, akamuuliza kama anaolewa mara ya pili. Umi akamwambia ndiyo, na mahari tayari, akaendelea kumbembeleza mtoto, mkono wenye liwa ameuweka mbali naye.